Kompyuta Haikohoi: Kwaheri kwa Bi. Makandi wa Redio Malisho

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Makandi anastaafu baada ya kuhudumu katika Redio Malisho kwa miaka ishirini na miwili. Alikuja Isiolo kwa mkataba wa miezi mitatu tu, kufunga mitambo na kurudi kwao. Alipanga chumba mtaa wa Bulla Pesa na kulala kwenye godoro chini, kwa sababu hakuona haja ya kununua kitanda mahali pa kupita. Kitanda alikinunua mwaka wa nne. Leo anaondoka akiwa mkuu wa studio, na tunasikia kitanda chenyewe amemwachia mwenye ploti.

Bi. Makandi alizaliwa Muthara, upande wa Meru, akasomea ufundi wa redio Nairobi. Alipofika hapa matangazo yetu yalikuwa kwenye kanda, na kanda zenyewe zilikuwa kwenye katoni za majani ya chai. Yeye ndiye aliyezihamishia kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, akizisikiliza zote mpaka mwisho. Ndiyo maana anajua vipindi vya zamani kuliko waliovitangaza. Kila jioni alifunika mitambo kwa leso za maua ili isiingiwe na vumbi, na aliyekula chapati studio alifukuzwa na chapati yake.

Wageni watamkumbuka kwa karantini ya flashi. Kila aliyeleta tangazo, awe mhubiri, mwenye duka la dawa za mifugo au mgombea wa siasa, alinyang'anywa flashi mlangoni. Ilipelekwa kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa peke yake kwenye kona, ikakaguliwa virusi hapo mpaka ionekane ni safi. Aliyenung'unika alijibiwa, "Ng'ombe wako akitoka safari, unamwingiza tu bomani na wengine? Hii flashi yako iko na ugonjwa wa miguu na midomo." Wafugaji walielewa mara moja. Sisi wa mjini ndio tuliochukua muda.

Lakini kilichofanya aitwe kila ofisi, mpaka za majirani, ni faili zinazokataa kufutika. Kila mtu anayefanya kazi na kompyuta anazijua. Unaifuta, kompyuta inasema haiwezekani. Unazima, unawasha, na faili bado iko pale pale. Wengi wetu hukasirika na kubonyeza tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Bi. Makandi alivuta kiti, akasukuma miwani juu ya pua, akaiuliza kompyuta kwa sauti ya mama anayemuuliza mtoto aliyeficha mikono nyuma ya mgongo, "Haya, nani ameishika?"

Alitufundisha kwamba faili haina kiburi. Ikikataa kutoka, mara nyingi kuna programu nyingine iliyoifungua na bado inaitumia, hata kama haionekani kwenye kioo. Alizifunga programu moja moja, akijaribu kufuta kila alipofunga moja. Akishindwa, aliiwasha kompyuta katika hali ya usalama, ambapo huamka na vitu vichache vya lazima tu, na hapo faili ilitoka bila kelele. Siku moja mkosaji alikuwa programu ya muziki iliyojificha chini ya kioo, ikicheza video ya harusi bila sauti tangu Jumatatu. Hatutasema ni harusi ya nani. Meneja wetu, Bwana Kiugu, anaijua.

Faili iliyompa kazi kuliko zote ilikuwa ya mume wangu.

Mimi ninayeandika ni Luul, wa mapokezi. Mume wangu, Sakariye, ndiye aliyesoma matangazo ya soko la mifugo hapa redioni mpaka alipofariki mwaka juzi. Hakuwahi kutangaza kwamba soko lipo kabla ya kumpigia simu mtu aliye sokoni. Tena hakutosheka na maneno ya mtu huyo. Alimwambia anyamaze, ainue simu juu, mpaka asikie mbuzi wenyewe wakilia. "Mbuzi hawana mjomba kwa kamati ya soko," alikuwa akisema. Wafugaji walijua hivyo. Sakariye akisema soko lipo, mtu alifungua zizi akaondoka.

Alipofariki, tangazo lake la mwisho lilibaki kwenye kompyuta ya matangazo: "Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Soko la Oldonyiro liko. Leteni mifugo mapema kabla jua halijawa kali." Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kulifuta, na kwa muda halikudhuru mtu kwa sababu soko lilikuwepo kila wiki. Kompyuta ile ilikuwa na tabia yake pia. Stima ikipotea na kurudi, ilianza na faili ya kwanza kwenye folda, na ya kwanza ilikuwa hiyo. Kwa hivyo kila stima iliporudi, Isiolo nzima ilisalimiwa na Sakariye. Mimi nilisimama na kikombe mkononi mpaka amalize.

Mwaka jana soko likafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo. Tulilitangaza hilo asubuhi na jioni. Kisha stima ikapotea, ikarudi, na Sakariye akawaambia watu soko liko.

Ekiru, mnunuzi wa mbuzi kutoka Ngaremara, alikodisha lori mpaka Oldonyiro. Alikuta lango limefungwa kwa mnyororo na punda mmoja amelala kivulini. Alipofika mapokezi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, nani amenidanganya?"

Nilimpa pole, nikamwambia ni kosa la kompyuta.

"Si kompyuta. Nimesikia Sakariye mwenyewe. Na Sakariye nilikuwa kwa mazishi yake." Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema polepole, "Miaka yote huyu mtu hajawahi kunidanganya. Ndio ameanza sasa?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno hayo nilienda nayo nyumbani. Mume wangu hakuacha mali nyingi, aliacha kuaminiwa, na sasa faili moja ilikuwa inamfanya mwongo huku hawezi kujitetea.

Bwana Kiugu alijaribu kuifuta, ikakataa. Fundi mmoja wa mjini alishauri kompyuta nzima ifutwe tuanze upya, na vipindi vyote vya zamani viende nayo. Bi. Makandi alimshukuru fundi huyo, akamsindikiza mpaka getini, akamfungia nje.

Kabla ya kugusa chochote alikuja mapokezi, akakaa kwenye benchi la wageni. "Abaayo," aliniambia, neno la Kisomali la kumwita dada ambalo nilimfundisha mwenyewe, "mimi nitaitoa. Lakini ni wewe wa kusema."

Nilimjibu, "Itoe. Soko limefungwa. Sakariye hangesema liko."

Mkono wa kwanza ulioishika faili hiyo ulikuwa programu ya matangazo, iliyojiwasha yenyewe kila kompyuta ilipoamka. Bi. Makandi aliizuia, akaingia kwa hali ya usalama, akaifuta. Kesho yake ilikuwa imerudi. Akagundua kwamba kompyuta ya akiba iliyo chumba cha pili huinakili folda hiyo na kurudisha chochote kinachopungua. Akazitenganisha, akafuta pande zote mbili. Tulinunua mandazi tukapongezana.

Jumanne stima ilirudi, na Sakariye akasalimia.

"Hii kitu iko na jini," alisema Bwana Kiugu, akitikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

Bi. Makandi aliifuta tena. Alhamisi stima ikapotea, ikarudi, salamu ikasikika tena. Mara hii alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akaisikiliza. Akairudia. Kisha akatuita sote jikoni tunywe chai.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu mume wangu. Kabla ya kila tangazo alikohoa kidogo, kama mtu anayejulisha wenye nyumba kwamba anaingia. Bi. Makandi alikikata kikohozi hicho kila siku kabla tangazo halijaenda hewani, na Sakariye alimlalamikia kila siku. "Mama, umenikata koo tena." Naye akamjibu, "Nimekukata gharama ya daktari." Walizeeka wakibishana hivyo.

"Kompyuta haikohoi," Bi. Makandi alituambia pale jikoni. "Ile ya Jumanne ilikuwa imekatwa vizuri. Ya leo imeanza na kikohozi. Hiyo ni rekodi ya kwanza kabisa, ambayo mkono wangu haujagusa, na haiko kwa mashine yoyote hapa. Iko kwa mfuko wa mtu. Simtafuti. Namwomba tu aje tuongee."

Sufuria ilichemka mpaka ikamwagika, hakuna aliyeinuka. Kisha Hamdia, mtangazaji wetu wa asubuhi, ambaye Sakariye alimfundisha kazi tangu siku ya kwanza, akaanza kulia. Alitoa flashi kwenye mkoba wake.

"Siwezi kufungua maikrofoni kabla hajasalimia," alisema. "Nimejaribu, Mama. Sauti haitoki."

Bwana Kiugu akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Akaweka flashi yake mezani kando ya ile nyingine. "Ya Jumanne ilikuwa yangu," alisema. "Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Hamdia akaacha kulia. "Meneja! Na ukatuambia ni jini!"

"Ilikuwa lazima niseme kitu."

Bi. Makandi alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilicheka, mara ya kwanza ndani ya jengo hili tangu msiba. Nilikuwa nimedhani ni mimi tu niliyekuwa nikisimama na kikombe. Bi. Makandi alipomaliza kucheka alizichukua flashi zote mbili. "Karantini," alisema. Ya meneja ndiyo iliyopatikana na ugonjwa.

Jioni hiyo faili ilifutwa kwa mara ya mwisho. Stima iliporudi kesho yake, kulikuwa na kimya kidogo hewani, kisha Hamdia mwenyewe akasema, "Asalaam aleikum, na habari zenu nyote." Sauti ilitetemeka kidogo ikanyooka. Nilikaa chini nikanywa chai yangu ikiwa bado moto. Nilikuwa nimesahau ladha yake ikiwa hivyo.

Tangu hapo, kwa amri ya Bi. Makandi, tangazo la soko hurekodiwa upya kila wiki, na la wiki iliyopita huondoka kabla jipya halijaingia. Soko lilipofunguliwa, Ekiru hakutaka kuamini redio. Alikuja mwenyewe mpaka mapokezi. Hamdia alikuwa kwenye simu na mtu wa Oldonyiro. Alimwita Ekiru, akamwekea simu sikioni. Mbuzi walilia humo kama wanaogombana.

Ekiru alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akarudisha simu, akavaa kofia.

"Sawa," alisema. "Hiyo ni kazi ya Sakariye. Hajanidanganya." Akaenda kutafuta lori.

Kwa jambo la mwisho sikuwahi kumshukuru Bi. Makandi mbele ya watu, kwa hivyo nashukuru hapa. Kabla ya kuisafisha flashi ya Hamdia, Bi. Makandi alikata kitu kimoja akakihifadhi. Alikuja mapokezi, akaomba simu yangu, akaibonyezabonyeza, akairudisha. "Tangazo limeenda, abaayo," aliniambia. "Lakini hiki hakidanganyi mtu."

Kilikuwa kile kikohozi. Baada ya miaka yote ya kukikata, hicho ndicho alichokuwa amekiacha kizima. Sasa ndio mlio wa ujumbe kwenye simu yangu. Ujumbe ukiingia, wageni waliokaa kwenye benchi hugeuka kumtafuta mzee anayekaribia kuingia, na mimi huendelea kuandika majina yao.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi. Makandi, asante kwa mikono yako, kwa leso zako na kwa kutokumfukuza kazi meneja wetu ulipokuwa na sababu. Hamdia ameapa kwamba karantini ya flashi itaendelea. Chapati hatuahidi.

Migomba ya Muthara ikupokee vizuri, na magoti yako yapumzike na ngazi za mnara wetu wa matangazo. Stima ikipotea huko, endelea kulala. Si kazi yako tena. Huku ikirudi, mmoja wetu atasema salamu, na kila atakalotangaza litakuwa kweli siku hiyo. Kaa kwa amani, abaayo.