Mukamusoni Cansilde na Sura Aliyoahidi Kuificha

Waheshimiwa mapadre, viongozi wetu wa kijiji na wa sekta, wakwe zetu, majirani, na ninyi ndugu mliopanga foleni mpakani tangu alfajiri ili muwahi kutuzikia, ninaitwa Vénuste, ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenituma niwasomee alivyoishi dada yangu, kazi ambayo nimeikubali kwa uchungu, na nitasema mapema, kwa aibu pia. Nitasoma kwa Kiswahili, kwa kuwa Kinyarwanda kimetumika kanisani na wengi wenu mliofahamiana naye kazini mlifahamiana kwa lugha hii, na yeye mwenyewe angenikasirikia kama ningewaacha nje ya maneno.

Marehemu Mukamusoni Cansilde alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Nkwenda, Karagwe, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Kalisa na Mama Kayitesi, ambao walikimbia Rwanda mwaka 1961 wakiwa na ng'ombe wanne, wakafika bila hata mmoja. Alikuwa mtoto mwenye domo, mama alikuwa akisema kwamba huyu alizaliwa akitoa hoja, na tulipokuwa tukigombana naye kuhusu nani achote maji, tulikuwa tunajikuta tumebeba ndoo na hatujui alitushindaje.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Nkwenda kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari mjini Bukoba hadi 1988, kisha akasomea ualimu, akafuzu mwaka 1992. Huko shuleni alijifunza Kiswahili cha kunyooka, hata wenzake hawakujua kwamba nyumbani tunazungumza lugha nyingine, na alitukataza sisi wadogo zake kumwita kwa Kinyarwanda mbele ya rafiki zake, jambo ambalo wakati ule tulidhani ni maringo tu.

Novemba 1994 familia ilirudi nchini kupitia Rusumo, tukakaa kwanza Kibungo, na mwaka 1996 marehemu alikuja huku Gisenyi, akafundisha katika shule moja ya Nyundo kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 2007 aliacha chaki, yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha Jirani wa Mpaka, kwa ajili ya watu waliovuka kuja kutafuta maisha upande huu, wasichana wa kazi za ndani, wabeba mizigo, akina mama wanaouza kidogo kidogo, watu ambao tajiri akikataa kuwalipa au akiwanyang'anya kitambulisho, hawajui pa kwenda, na wakijua wanaogopa. Hiyo ndiyo kazi mliyomjulia. Wengine mnakumbuka alivyokwenda kukaa kwenye geti la mfanyabiashara mmoja, barabara ya ziwani, na mwavuli wake, na kitambaa chake cha kufuma, akiwaambia wapita njia kwa sauti ya adabu kabisa kwamba anasubiri kitambulisho cha binti fulani, mpaka bwana yule akatoka mwenyewe akamkabidhi, na akamwomba tafadhali aende akafumie kwingine.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa katika kanisa kuu la Nyundo na Bwana Jado, shemeji yetu, aliyekulia Goma, na ndoa hiyo ilikuwa na vita moja tu isiyoisha, kwamba marehemu alikuwa akimsahihisha Kiswahili chake kila siku, na shemeji alimjibu mbele yetu sote kwamba yeye alioa mke, hakujiandikisha shule. Walijaliwa watoto wawili, Teta, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2000, na Cyusa, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2004, nao ndio hawa mnaowaona hapa mbele.

Sasa, ndugu zangu, karatasi iliyoandaliwa na familia inatoka hapa inakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Kikao cha ukoo kilichokaa juzi kilisema marehemu hasemwi vibaya, na kwamba msibani si mahakamani, na mimi ningeinama nikasoma hivyo, kwa kuwa nami nina uso, na watu wa kazini kwake wamekaa hapa. Lakini mwenye maiti ni Mukamusoni mwenyewe, na akiwa kitandani, akili zake zikiwa timamu, Teta akisikia, aliniambia nisimsomee mazuri peke yake, kwa sababu kuna mtu atakuwa nyumbani kwake anajua kwamba tunadanganya.

Mwaka 2022 alimsaidia binti mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba moja hapa mjini, akifungiwa ndani, kitambulisho chake kikiwa kabatini kwa tajiri. Sitamtaja jina, sitasema anakoishi wala anachouza. Alimtoa, akamrudishia kitambulisho chake, akamtafutia pa kuanzia, hadi hapo kazi yake ilikuwa safi. Mwaka uliofuata chama kilitaka kufanya maonyesho, kikamwomba binti yule asimulie yaliyompata na apigwe picha, akakubali kusimulia, akakataa picha, dada yangu akamwahidi kwa mdomo wake kwamba sura yake haitaonekana, apigwe kwa nyuma tu. Mpiga picha alipiga nyingi, katika hizo moja binti alikuwa amegeuka, na dada yangu alipoziona zote mezani alichagua hiyo. Aliniambia sababu bila kuipamba, alisema macho ya binti yule yalikuwa yanaongea kuliko hotuba zake zote.

Mwanzoni mwa Juni 2023 picha hiyo ilitundikwa kwenye bango kubwa la kitambaa, lile tunaloliita banderole, kwenye njia inayoteremkia mpaka mdogo, ambako nusu ya mji hupita asubuhi na nusu nyingine ya mji iliyo upande wa pili hupita pia. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa mazuri, yalikuwa yanatetea haki. Binti yule alikuwa amechumbiwa, na hakuwa amewaambia wakwe zake kwamba aliwahi kuwa yaya wa kufungiwa, alikuwa amesema aliishi kwa shangazi. Sioni dhambi hapo, wengi wetu tuliokulia ukimbizini tumewahi kuwa na shangazi wa namna hiyo. Watu sokoni wakaanza kumtania, wakampa jina, jina hilo silitamki mbele ya jeneza hili, ila waliompa wamo humu, wengine wamevaa vizuri sana leo, na ninawaomba jina hilo likome.

Jumatatu, tarehe 12 Juni, alikuja ofisini kwa dada yangu kuomba picha ishushwe. Wiki hiyo chama kilikuwa kinasubiri wageni kutoka nje, wale wanaokisaidia, na dada yangu, mama huyu aliyekuwa akikesha kwenye mageti ya watu kwa ajili ya kitambulisho kimoja, alimjibu: "Vumilia kidogo tu, mdogo wangu, wageni wakiondoka tutaishusha." Wageni waliondoka Ijumaa, ikashushwa Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo ndiyo watu wa upande wa mchumba walikuwa waje kuposa. Kwa binti hakuna wa ukoo aliyekuwa upande huu, majirani ndio waliokaa kama wazazi, wakaandaa viti na vinywaji, wakakaa kuanzia mchana, na hakuja mtu.

Dada yangu alijua. Hakwenda. Desemba ya mwaka huo alipewa cheti cha heshima huko Kigali kwa kutetea wahamiaji, alipanda jukwaani, akakipokea, akapiga picha nasi tukipiga vigelegele, kisha akarudi nyumbani akakiweka chini ya godoro, na Jado alipouliza kwa nini hakitundiki sebuleni alimwambia ukuta una unyevu. Tangu hapo alikataa kusema mbele ya watu, wenzake wakadhani amechoka, sisi tukadhani ni umri, na hakuna kati yetu aliyemuuliza swali la pili. Alikuwa anaona aibu, na aibu yake ilikuwa ya mtu anayeujua vizuri ubaya alioutenda, kwa sababu alikuwa amewafundisha wengine kwa miaka mingi kwamba ubaya huo usitendwe.

Septemba 2024 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa hapa Gisenyi, kisha akapelekwa Kigali, ambako tarehe 11 Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akapata dawa, akapata nafuu ya miezi michache, akarudi nyumbani kwake, na ni katika miezi hiyo alitueleza haya yote, akatutuma mimi na Teta tuende kwa binti yule tukamwombee msamaha, maana miguu ilikuwa imekwisha, na hata ilipokuwepo, alisema, hakuitumia. Tulichelewa. Teta alikuwa na mitihani, mimi nilikuwa na visingizio, na tarehe 3 Agosti 2025, Jumapili asubuhi, kengele za misa ya kwanza zikilia, Mukamusoni alituacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Tulikwenda siku iliyofuata, na msiba ukiwa tayari uko nyumbani. Sasa, mnajua desturi yetu hapa, kwamba kabla ya kufukia kaburi msemaji wa familia huuliza kama kuna mtu ambaye marehemu alimkosea, mtu huyo husimama, akatamka kwamba amesamehe, wazee wakampa mkono, marehemu akaenda mwepesi. Baba yetu mkubwa, Mzee Habineza, alitaka tumlete binti yule, awekewe kiti hapa mbele, katikati ya familia, asimame atamke, naye alikusudia kumpa heshima kubwa kuliko zote alizo nazo. Sisi tulibeba ujumbe huo kama zawadi. Binti alitupokea vizuri, alituletea maji, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, nanukuu kwa maneno yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu hakuna atakayeyasahihisha: "Mi sikukatalaka kusema. Nilikatala kuonekana. Sasa munataka nisimame tena mbele ya watu?"

Nimefundisha, nimekuwa askari, nimezika wazazi wangu, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama pale. Tulikuwa tumetoka nyumbani mpaka pale kwenda kuomba radhi kwa kosa, na mikononi tumebeba kosa lilelile, limefungwa vizuri zaidi. Teta alilia. Mimi nilimuuliza, kwa ujinga wa mtu mzima aliyeaibika, kama basi ametusamehe, na atakuja au haji, naye akasema akija atakuja sawa na watu wengine, na tusimtafute kwa macho.

Kwa hiyo, Mzee Habineza, nakuomba radhi mbele ya watu, leo swali lile sitaliuliza. Sitamwomba mtu yeyote asimame. Dada yangu anashuka kaburini na kosa lake bila kutamkiwa msamaha, na sisi wa ukoo wa Kalisa tunabaki nalo, tunalikiri, tunaomba msamaha tusioudai kwa mtu, na atakayenyamaza ana haki yake ya kunyamaza. Ninyi wa chama, mnaokwenda kuendelea na kazi yake, na ni kazi njema, nawaomba mkumbuke kwamba mnayemtetea ana mlango wake, na mlango huo unabishwa hodi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Gisenyi na wa Kigali, waliomtibu kwa upole hata dawa zilipokuwa hazina tena la kufanya, inawashukuru majirani mliokesha nasi, mliopika, mliotuletea kuni bila kuombwa, inamshukuru padre wetu, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa Jirani wa Mpaka, ambao walipewa habari hii kabla ya kusomwa, wakaomba isomwe bila kupunguzwa, na inawashukuru akina mama wa mpakani waliofunga meza zao leo.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Kwenye mazishi yetu tumezoea kuita makundi kwa zamu kuweka udongo na maua, familia, wakwe, wafanyakazi wenzake, kisha wale aliowasaidia. Leo hatutaita kundi lolote. Tutapita sote kwa mstari mmoja, tukichanganyika, mkubwa na mdogo, wa upande huu na wa upande ule, mkiangalia mbele na si pembeni, na atakayepita kaburini bila kutupa udongo, asiulizwe na mtu.

Mukamusoni, dada yangu, pumzika kwa amani, tukikuruhusu sisi, na akikuruhusu yeye.