Maiki Niliyokataa Kuitoa

Bwana asifiwe, wapendwa! Naomba mniitikie tena kwa nguvu. Bwana asifiwe! Asanteni.

Naitwa Emanueli, mzaliwa wa Goweko, kwetu ni wakulima wa tumbaku. Niliishia darasa la saba. Haya ninayosoma nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, ili nisije nikaongeza chumvi. Mama alinisihi nisiyasome hadharani. Pengine yeye ndiye mwenye akili. Lakini nimeshasimama.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nachana. Vijana mnanielewa. Wazee wangu, kuchana ni kutiririsha mistari yenye vina juu ya biti, yaani mdundo, haraka haraka, bila kuimba. Pale Ipuli kuna kinyozi mwenye ubao ukutani. Kila Jumamosi aliandika kwa chaki, "Wakali Wapya wa Tabora," kisha majina matano. Mimi, kwa jina la Moshi, nilikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa binti mmoja ambaye, nikisema haki, alinizidi kasi. Wa kwanza alikuwa Shabani.

Shabani ni rafiki yangu. Ni mtoto wa mjini, Muislamu, ananadi mitumba sokoni kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Alichana habari za babu zake wapagazi, waliotoka hapa Tabora na mizigo kichwani mpaka pwani. Mimi nilichana kuhusu mimi. Tofauti ndiyo hiyo, ila wakati ule sikuiona.

Basi kinyozi akatangaza pambano, mimi na Shabani. Atakayeshinda, jina lake litaandikwa kwa rangi ya mafuta, lisifutike tena! Ndugu zangu, usingizi ulinipotea. Kila nikipita pale naona ile namba mbili, kama mtu ananicheka.

Nikaenda upande wa Isikizya kwa babu mmoja aliyekuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma. Mnajua mashindano ya zamani: ngoma mbili, uwanja mmoja, na watu wakihamia kwa mwenzako wewe umekwisha. Simsingizii babu yule. Hakuniita, nilijipeleka. Alinikaribisha vizuri, akanipa karanga. Nikamwambia, "Shikamoo babu, nataka watu wasihame."

"Marahaba. Huyo mwenzako anakushinda nini?"

"Sauti."

Akacheka. "Enzi zetu hatukuimba tu, mjukuu wangu. Tulifungana kwa dawa."

Akanipa unga mweusi kwenye karatasi. Nikishamaliza kuchana, niupake kwenye maiki kwa kidole gumba. Atakayeipokea baada yangu, koo litafungwa.

Je, niliamini? Nimejiuliza mara nyingi. Nusu niliamini, nusu niliona ni mchezo. Lakini mtu anayecheza hafichi karatasi ndani ya soksi.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, uwanja umejaa. Maiki ya pili ilikuwa imekufa, ikabaki moja ya kupokezana. Nilianza mimi. Wapendwa, siku ile nilichana! Watu waliruka, vumbi likapanda, hata kinyozi alivua kofia. Sikilizeni hapa: shangwe zile nilizipata kabla ya kugusa dawa. Zilikuwa zangu, za haki. Na bado nilipoinama kupumua, kidole kilikwenda kwenye unga ndani ya soksi, kikaja kwenye maiki, kikapaka.

Shabani akaja anatabasamu, mkono mbele. "Lete, kaka! Leo umewachoma kweli. Nitapita wapi mimi?"

Sikutoa.

"Emanueli, lete basi."

Vidole vilikaza vyenyewe. Nilikuwa natazama koo lake. Nikamwona sokoni Jumatatu, anafungua mdomo, hakuna kitu. Watu wakaanza: "Toa maiki!" "Kaganda huyo!" Kinyozi akapaza sauti, "Moshi, unaogopa namba mbili?" Biti inapiga, Shabani anavuta, mimi navuta. Jasho likaingia machoni. Moyoni nikalia neno moja tu, "Yesu!" Sikuwa na sala nyingine. Na mdomo ukafunguka, kwenye maiki ileile, uwanja mzima ukasikia:

"Usiishike. Nimeipaka dawa."

Dijei akazima biti.

"Dawa ya nini?" Shabani akauliza.

"Ya kukufunga koo."

Akanitazama. Heri angenipiga. Akasema taratibu, "Jana ulikula kwetu. Mama alikupakulia wewe wa kwanza."

Chupa za maji zikaanza kurushwa, wengine wanavua mikanda. Aliyesimama katikati wasinipige ni yeye Shabani. Akaichukua maiki, akaifuta kwa shati lake, akasema "Bismillahi." Najua niko kanisani, lakini ndivyo alivyosema, siwezi kumbadilishia. Akachana bila biti:

"Kaka kapaka dawa maiki, mimi naongeza mate,
Babu alivuka pori na mzigo, unga unizuie nisipite?"

Sauti ilitoka, ndugu zangu! Nzima! Uwanja ukalipuka, na mimi nikaanguka magoti nalia kama mtoto, kwa furaha ya kushindwa. Haleluya!

Kama unga ule haukuwa na nguvu tangu mwanzo, sijui. Ninachojua ni kwamba aliyefungwa siku ile nilikuwa mimi, na Bwana alinifungua.

Jina la Shabani liko ukutani kwa rangi nyekundu. Langu lilifutwa. Sitadanganya kwamba tumerudi kama zamani. Ananisalimia, nami namwitikia. Kwao bado sijakaribishwa kula, na sistahili kuharakisha.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mlionisikiliza bila kuguna. Kama kuna aliyeficha kitu kwenye soksi, ya mguu au ya moyo, asingoje mpaka uwanja ujae. Mtumaini Yesu leo, useme.

Nimemaliza. Maiki hii ni safi. Anayefuata kushuhudia na aje, naitoa kwa mikono miwili.