Sura Aliyoichagua Mdogo Wake

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, mkabala na geti la hospitali ya chuo. Asubuhi ile walikuwapo wa siku zote: Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea, Wakili, ambaye sheria hajaisoma ila huwachapia watu barua za kesi, na Soli, fundi viatu, kiatu cha mteja magotini, sindano imesimama. Mama Birika alimimina kahawa. Soli hakuigusa. Mdogo wake alikuwa na mwezi wa pili wodi ya magonjwa ya akili, na jana madaktari walimwita yeye, kaka mtu.

—Haya, wamekwambiaje? aliuliza Breki.

—Wanafanya utafiti wa tiba mpya. Ile sauti inayomsumbua dogo kichwani wameitengenezea sura kwenye kompyuta. Anachagua mwenyewe: pua hivi, macho hivi, sauti nzito au nyembamba, mpaka ifanane na huyo anayemsikia. Halafu daktari anakaa chumba cha pili, anasema kupitia ile sura, na dogo anafundishwa kuijibu. Wiki ya sita hii, hajaijibu hata neno.

—Kujibizana na shetani! Breki akasonya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

—Guu linaingiaje hapa?

—Linaingia kwenye kusikia, Wakili. Huyu anasikia kupita kiasi.

Soli hakucheka.

—Jana wamenionyesha hiyo sura. Ni mimi.

Mama Birika akaweka birika chini.

—Wewe kivipi?

—Mimi huyu huyu, na hili kovu la kidevuni. Sauti yangu. Inamwambia, “Bora ungekufa wewe.” Kutwa nzima.

Wakili akakohoa.

—Hiyo ni kughushi. Kompyuta imekosa sura, ikabeba ya karibu. Si wewe unayeingia na uji kila siku? Kamera ya getini imekunasa.

—Kamera gani! Breki akadakia. Kuna mtu kakuazima sauti usingizini. Niliwahi kumbeba abiria, yeye kalala kwangu, sauti yake inaongea kwenye lori la nyuma.

—Ulilisikiaje lori la nyuma nawe uko mbele? aliuliza Wakili.

—Haba na haba hujaza kibaba, bwana!

—Wamempandikizia sauti hao hao madaktari, alisema Mama Birika. Wanataka kuandika kitabu, na kitabu lazima kiwe na mbaya wake.

Soli alizimeza nadharia zao moja moja, kama mtu mwenye kiu. Zilikuwa za kipuuzi zote, na zote zilimtoa hatiani. Alitamani waendelee mpaka jua lizame.

Mwenye kiatu, mwanamke wa makamo aliyekaa pembeni mguu mmoja peku, hakuwa mtu wa kijiwe. Akainua uso.

—Samahani, kaka. Hayo maneno ulimwambia lini?

Breki akatafuta methali, akaikosa. Wakili akachungulia kikombe kilichokwisha zamani.

Siku yenyewe Soli aliijua. Ilikuwa jioni ya mazishi ya mama yao. Dogo ndiye aliyeachiwa mama mgonjwa usiku wa mwisho, usingizi ukampitia, mama akakata roho peke yake. Soli aliyasema mara moja tu, uani, viti vya waombolezaji havijakusanywa. Dogo hakulia wala kujitetea. Aliendelea kukunja turubai, ncha kwa ncha.

—Kuna siku, alisema Soli.

Akapiga mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno, akampa mwanamke yule kiatu chake. Kisha akavuka barabara.

Wodini alimkuta dogo kakaa kitandani, kaelekea ukutani. Alikuwa amekonda mpaka shati linamning’inia. Soli akasimama nyuma yake.

—Mdogo wangu. Nilikukosea. Nimekuja kuomba radhi.

Mabega ya dogo yakashtuka. Hakugeuka. Akavuta pumzi, akatamka polepole, kila neno mahali pake:

—Leo sikusikilizi. Toka.

Nesi aliyekuwa kitanda cha pili akageuka, uso umemkunjuka kwa furaha.

—Umesikia, kaka? Ameijibu ile sauti!