Wino wa Kidoleni

Kesho yake baada ya uchaguzi, ndani ya gari la kwenda Kampong Cham, huko Kambodia, Bi Chanthou aliketi na bwana mmoja mnene asiyemjua, mwenye sauti ya kumfikia dereva.

"Chama kimetutoa kwenye njaa, dada! Kinashinda kila mara, na wajukuu zetu kitawatawala!"

"Kabisa, kaka." Huyu kachero tu, anatafuta waliosusia kura, akawaza.

"Wewe kura ulipiga lakini?"

Akamwonyesha kidole chenye wino. Bwana naye akainua chake, kisha akaendelea kumega wali wa kunata. Wali ukaingia weusi. Chanthou akakodoa macho: wino wa kituo cha kura hautoki hata kwa sabuni.

Gari liliposimama, akamnong'oneza, "Uchaguzi ujao wino wako utie gundi, kaka. Mimi wangu nimeutia."