Kitsao Ngala na Vigae Kumi na Viwili Vilivyofichwa Jua

Marehemu Kitsao Ngala alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1944, kifungua mimba wa Mzee Ngala na Mama Mbodze. Alianza shule huko huko Rabai mwaka 1951, na mwaka 1965 akapata cheti cha ufundi wa maabara mjini Mombasa. Cheti hicho kinatajwa kwa makusudi, maana wapo waliokalia viti vya mbele leo waliokuwa wakimwita "yule mkoroga rangi", nao hata chokaa hawajui kuchanganya.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi Shimanzi, akafanya kazi huko miaka thelathini. Tarehe 5 Desemba 1970 alifunga ndoa na Mbeyu, wakajaliwa Sammy na Kadzo. Mbeyu husimulia kwamba siku ya posa Kitsao alimsifu mama mkwe kwa weupe wa ukuta wake, kisha akaukwangua kwa ukucha aone umepakwa nini. Mke alipewa hivyo hivyo.

Mwaka 1993 mhandisi wa meli ya Kijapani iliyotia nanga Kilindini alimpa jarida na kopo la unga mweupe wa titani. Unga huo ukipigwa na jua huvunjavunja moshi wa magari unaougusa, ikabaki chumvi kidogo ya kuoshwa na mvua. Kitsao aliuchanganya na chokaa, akapaka ukuta wa duka la rafikiye Jamaldin, fundi mwashi wa Kuze, pale Bondeni panapounguruma mabasi ya bara. Mwaka ulipopita, kuta za majirani zilikuwa nyeusi tititi.

"Wallahi Kitsao," Jamaldin alisema, "ukuta huno wajiosha wenyewe!"

Lakini roho ya Kitsao ilikuwa kwenye shule ya chekechea iliyo kando ya njia ya malori ya Kilindini, ambako mjukuu wake Cynthia alikohoa hadi akaachishwa masomo. Alitaka ukuta wote wa shule upakwe. Kwa kuwa huku kwetu hata pumzi ina kamati, ikaundwa kamati ya watu saba, mwenyekiti Bwana Levi Mung'aro. Mwaka 1996 Kitsao aliwakabidhi vigae kumi na viwili alivyovipaka kwa mkono wake, vitundikwe pale shuleni miezi sita, kisha vipimwe. Miezi sita ikaisha, barua ikaja: havina faida.

Akaenda kuuliza.

"Kwani mlivitundika upande gani, bwana mwenyekiti?"

"Kutundika? Vitu vizuri vile? Tulivifunga kwa magazeti, mzee, tukavitia stoo. Havikuona jua hata siku moja!"

Alisema hayo kwa fahari, na kamati nzima ikaitikia kwa vichwa. Kitsao alieleza, akachora, akarudi mara tatu. Akaambiwa faili imefungwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na pale masikio yalikuwa kumi na manne.

Kifua kilimshika Januari 1998. Alilazwa mara mbili, na Jumatano tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, alifariki dunia, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka. Neno lake la mwisho kwa Kadzo lilikuwa, "Vigae vyangu vitoeni gizani, mwanangu."

Jana Sammy na Jamaldin walivifuata stoo. Vilikuwa vingali ndani ya magazeti yale yale. Jamaldin amevijengea kwenye ukuta wa shule, vinatazama barabara na jua la mchana. Kamati haikuombwa ruhusa.

Marehemu ameacha mjane, Mbeyu, watoto, Sammy na Kadzo, mjukuu, Cynthia, na dada yake Nyevu, anayesoma wasifu huu. Bwana Mung'aro amekuja na hema kubwa la kufunika kaburi, ili wageni wasiungue. Familia imemrudishia. Kitsao alimwomba jua akanyimwa. Kivuli cha bwana huyo leo hakihitaji.

Apumzike kwa amani, juani.