Ratili Kumi na Mbili za Verlin Haugstad

Nani kati yenu aliyeanza kusema kwamba Verlin Haugstad alijipiga risasi kwa kukusudia? Msinyooshe mikono, kanisa ni dogo na nimeshayasikia mara mbili tangu asubuhi, mara moja huko chini kwenye kahawa na mara moja hapo mlangoni, kwa hiyo mniruhusu mimi Karin, binti yake wa pekee, niisome historia yake kama ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, shambani kwa wazazi wake, mashariki ya mji huu wa Dunning, Montana, akamaliza sekondari hapa hapa mwaka 1966, akaenda jeshini miaka miwili kutengeneza silaha, na tarehe 14 Juni 1971 akafungua karakana yake nyuma ya kinyozi. Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa na mama yangu, Arlene, mbele ya madhabahu haya, nami nikazaliwa tarehe 2 Februari 1979, wakaishia hapo, kwa maelezo ya Mama kwamba mmoja alitosha kwa ubishi.

Kwa miaka hamsini na miwili hakumuuzia mtu bastola kabla hajamfunga macho. Alikupa moja baada ya nyingine, zote tupu, ukaeleza mkono unasema nini: hii mpini wake mnene, kidole cha mwisho kinaning'inia nje kama mgeni aliyekosa kiti, ile kifyatulio chake kinavutika kama kukanyaga tope, hujui risasi itatoka lini, na ile ya tatu kinakatika safi kama kijiti kikavu. Naibu sherifu Rusk, aliyeketi pale akijifanya anasoma kitabu cha nyimbo, alikuja mwaka 1994 akitaka kubwa kuliko zote, Baba akamwambia, "Mkono huo ni wa kikombe cha chai, Rusk, shika hii ndogo uache kututisha," na hiyo ndogo iko kiunoni mwake mpaka leo.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Silaha yoyote iliyorekebishwa kifyatulio ilifungwa uzi mwekundu, haukufunguliwa mpaka mwenyewe aivute mara kumi ikiwa tupu, kwa sababu, alisema Baba, kidole kinakumbuka uzito wa zamani.

Mnamo Januari 2021 baridi yabisi iliingia vidoleni mwake. Rivolva yake mwenyewe, ya mpini wa mti, ilihitaji nguvu ya ratili kumi na mbili kuivuta, na nilimwona akiivuta kwa vidole viwili, akiwa ametupa mgongo ili tusione. Nilimwomba niilainishe, kazi hiyo alinifundisha mwenyewe, akakataa. "Bastola ya kiunoni iwe nzito, Karin. Kifyatulio kizito kinamsamehe mjinga, na siku moja mjinga nitakuwa mimi."

Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa kumi jioni, aliitoa kwenye droo, akatoka uwanjani nyuma ya karakana, akaijaza risasi, akaisukuma kwenye ala yake kiunoni kabla ya kufyatua hata moja, na pindo la shati likaingia nayo, limenasa kwenye kifyatulio. Risasi ilikata mshipa wa paja. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa, na siwalaumu sana, kwa kuwa hapa hata bibi wa kwaya anajua kwamba pindo la shati haliwezi kuvuta ratili kumi na mbili, basi kilichovuta ni kidole, na kidole cha fundi kama yule hakikosei.

Aliishi siku tatu. Aliwaambia madaktari, akamwambia Mama, akamwambia Rusk aandike, kwamba amezembea kama mtoto, kwamba hakustahili kumfundisha mtu, na akaomba kibao cha karakana kishushwe kabla hajafa. Nilikuwa nimeushika mkono wake siku zote tatu. Alifariki Jumapili tarehe 17 Septemba, saa moja asubuhi, akiamini hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani zetu walioleta vyakula ambavyo hatujaweza kuvila, na mafundi wenzake waliosafiri kutoka mbali. Baba, ningekutakia pumziko la amani, lakini sina haki ya kulitamka kabla sijamaliza kusoma.

Ndugu zangu, hakujiua, wala hakuzembea. Haikuwa ratili kumi na mbili, zilikuwa tano. Jumapili ya tarehe 10, yeye na Mama wakiwa ibadani, niliikata springi inayokaza kifyatulio cha rivolva yake, nikairudisha kwenye droo bila uzi, ili asijue nimemhurumia, na kwa siku tatu pale kitandani sikumwambia. Ni mimi niliyefanya.