Kibonyezo Kimoja cha Anselme Coudray

Leo, Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009, Bwana Anselme Coudray anastaafu baada ya miaka arobaini na moja ya kutunga na kuimba. Onyesho hili la hapa Limoges ndilo la mwisho. Waimbaji tunawajua kwa kuaga na kurudi, kwa hiyo yeye tumemuuliza mara tatu, na mara zote tatu amejibu vilevile.

Alizaliwa Aubusson, baba yake akiwa mfumaji wa mazulia ya ukutani. Alifanya kazi posta mchana, na jioni alijifunza piano katika ukumbi wa parokia, kwa kuwa padri alimwachia ufunguo. Piano ile ilikuwa na kibonyezo kimoja bubu, huko juu kulia. Ukikibonyeza, kimya. Padri hakuwa na fundi, na Anselme hakujua kwamba piano hutengenezwa.

Hapo ndipo alipotunga “Treni ya Felletin”. Kila kiitikio kinapofika kileleni, kidole chake hubonyeza kile kibonyezo bubu, na wimbo hukatika kidogo, halafu huendelea. Mwaka 1971 walimpeleka Paris kuurekodi kwa piano nzima. Wimbo ukatoka kama mtu aliyenyolewa masharubu kwa nguvu. Ikabidi watu wa studio wabebe mitambo yao mpaka Aubusson. Santuri ilipotoka, nchi nzima ikaanza kuijaza ile nafasi kwa kuiimba yenyewe sauti iliyokosekana, jikoni, kwenye harusi, hata makaburini.

Tangu mwaka 1980 mimi ndiye fundi wa piano zake. Kazi yangu ni kurekebisha vibonyezo themanini na saba, kisha kukinyamazisha cha themanini na nane kwa kipande cha sufu nzito. Kwa nini asikiruke tu? Nilimuuliza siku ya kwanza.

“Bi Huguette, kidole changu kimezeeka na tabia zake. Wewe kizibe, tusisumbuane.”

Mwaka 1987, katika ukumbi huuhuu, nilisahau. Kibonyezo kikalia, ting! Watu elfu moja wakashtuka. Bwana Coudray akasimamisha wimbo, akaichungulia piano ndani.

“Nani kamfungua huyu?”

Walicheka dakika tano nzima. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natamani ardhi inimeze, na mpaka leo kila tukila dengu na soseji kabla ya onyesho huniuliza kama mfungwa wetu yuko ndani.

Ametoa santuri kumi na moja. Hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alikwenda kila mji kwa treni, akilalamikia kahawa ya humo na kuinywa. Aligoma kufuta ubeti wa wafumaji waliogoma ingawa redio moja ilimwomba kwa adabu sana. Huvaa soksi za kijani jukwaani, rangi ambayo watu wa majukwaa huamini ina mkosi na huikimbia kama ndui. Ni mbishi, hasa akiwa amekosea, na barua za mashabiki huzijibu mwenyewe kwa kalamu ya wino.

Januari iliyopita, Nevers, alikuwa akiijaribu piano kabla ya watu kuingia. Akaniita.

“Bi Huguette, leo umezidisha. Umeziba vinane.”

“Kimoja tu, Bwana Coudray. Kama siku zote.”

Akavibonyeza tena, kimoja kimoja, kuelekea juu. Mimi nilivisikia vyote isipokuwa kile kimoja, safi kabisa. Yeye akaitazama mikono yake.

“Basi hivyo saba vingine nani kaviziba?”

Usiku ule aliimba vizuri, na ukumbi ukaijaza nafasi ya kiitikio kama kawaida. Aliposhuka aliniuliza kama watu waliimba. Nilimwambia waliimba sana. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini, na jambo hilo limeniuma mwaka mzima. Jumatatu yake alitangaza kustaafu.

Sasa ombi, na nimeliandika humu kwenye kijitabu cha onyesho kwa makusudi, kwa sababu Bwana Coudray hasomi programu za maonyesho yake. Anadai zinaleta nuksi. Sufu iko mahali pake. Atakapofika kileleni mwa kiitikio, imbeni ile sauti kama mlivyoiimba miaka yote, lakini safari hii kila mmoja ainue mkono juu. Taa za ukumbi zitawaka wakati huohuo. Nimeshaongea na fundi wa taa. Sauti ile hataisikia. Macho yake ni mazima.

Asante, Bwana Coudray, kwa piano zote mbovu tulizohangaika nazo. Upate afya, bustani yenye jua, na kahawa nzuri kuliko ya treni. Tulikuwa tunaimba, kila usiku. Leo utatuona.

Huguette Marsac, fundi piano